Paa Halihukumiwi kwa Tone

Miongoni mwa wenye nyumba wa Same na wa vijiji vya Milima ya Upare umejengeka msimamo usiopingwa mara nyingi, kwamba paa lisilovuja ni paa zima, na kwamba mwenye nyumba hana sababu ya kumwita fundi mpaka siku atakapolazimika kuweka ndoo chini ya tone. Msimamo huo husikika barazani na katika vikao vya kamati za shule, na hata baadhi ya mafundi huushikilia, kwa kuwa kazi ya kuziba tundu linaloonekana haihitaji mlipaji aelezwe chochote, ilhali kazi ya kubadilisha mbao ambayo bado haijavunjika hudai maelezo marefu na uvumilivu wa pande zote mbili. Makala haya yanadai kwamba msimamo huo ni kosa, na kwamba katika wilaya ya Same kosa hilo ni kubwa kuliko linavyokuwa katika sehemu nyingi nyingine za Tanzania. Tone la maji ndani ya nyumba ni moja ya dalili za mwisho za paa kuharibika, na tena ni dalili isiyoaminika.

Mji wa Same umekaa upande wa magharibi wa Upare Kusini, katika eneo ambalo wanajiografia huliita kivuli cha mvua, yaani upande wa mlima ambao pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huufikia zikiwa zimekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake kwenye miteremko ya mashariki. Makanya na Hedaru ziko katika ukavu huo huo. Juu yake, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462 na msitu wa Chome unaokizunguka, hali hugeuka kabisa: hewa ni ya baridi, ukungu huyalalia mapaa asubuhi nyingi za mwaka, na bati hukaa na unyevu hata siku ambazo hakuna mvua iliyonyesha. Kwa hiyo wilaya moja ina mapaa yanayoishi maisha mawili tofauti, na kipimo cha kuvuja hakiyafai yote mawili, ingawa kwa sababu zisizofanana. Paa la tambarare hukaa miezi mingi bila kujaribiwa na mvua, kwa hiyo kutovuja kwake kati ya Juni na Septemba hakuthibitishi lolote isipokuwa kwamba mvua haikunyesha. Paa la mlimani nalo huweza kudondosha maji bila kuwa na tundu hata moja.

Jambo hili la pili linastahili kufafanuliwa, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi. Usiku wa baridi bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo ndani ya nyumba, na hewa hiyo, iliyobeba mvuke wa pumzi za watu na wa vyungu vilivyokuwa jikoni, hugusa upande wa chini wa bati na kuacha matone. Mafundi husema bati linatoa jasho. Mwenye nyumba anayeamka na kukuta matone yamelowesha kitanda hufikiri paa limetoboka, humwita fundi apake lami juu ya misumari yote, na wiki inayofuata matone hurudi pale pale, kwa kuwa tatizo lilikuwa ukosefu wa njia ya hewa kati ya dari na bati. Kwa upande mwingine, maji yanayopita kwenye tundu la kweli hayadondoki lazima chini ya tundu hilo. Huteleza juu ya papi, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa mabati, hufuata mteremko wake, na huanguka mita kadhaa mbali, pengine katika chumba kingine. Anayetegemea tone limwonyeshe mahali pa ubovu hutengeneza pasipo na kosa na kupaacha palipooza.

Ikiwa tone haliaminiki, ni lazima kueleza paa huharibika vipi hasa, na kwa Same maelezo hayo yanaanza na jua. Chuma kikipata joto hutanuka. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, likipanda nyuzijoto 40 za selsiasi kutoka baridi ya alfajiri hadi ukali wa saa nane mchana, jambo ambalo si la ajabu kwa bati lililo wazi juani, hurefuka kwa takriban milimita moja na nusu, na usiku hurudi lilivyokuwa. Msumari uliolishikilia haurefuki pamoja nalo, kwa hiyo kila siku bati huuvuta na kuuachia, tundu lililokuwa la duara hupanuka likawa la mviringo mrefu, raba iliyo chini ya kofia ya msumari hukauka na kupasuka, na mwishowe msumari wenyewe huinuka kutoka katika mbao kidogo kidogo. Yote haya hutokea katika miezi ambayo hakuna tone hata moja linaloweza kumwambia mwenye nyumba chochote. Msumari ulioinuka kiasi cha unene wa kucha ni dalili kamili ya kwamba paa linahitaji kazi, na dalili hiyo huonekana kwa macho ya mtu aliyepanda ngazi mpaka ukingoni.

Baada ya jua huja upepo, na hapa ndipo msimamo unaopingwa unapoleta madhara makubwa zaidi. Watu wengi huliona paa kama kifuniko kilichotuama juu ya nyumba kwa uzito wake. Hesabu inakanusha. Bati jembamba lenye unene wa milimita 0.3 lina uzito wa takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba, ilhali upepo wa kasi ya kilomita 108 kwa saa, unaopita juu ya paa, huweza kulinyanyua kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50 kwa kila mita hiyo hiyo ya mraba, na nguvu hiyo huongezeka mara nne kasi inapoongezeka maradufu. Nguvu kubwa zaidi huangukia pembe, kingo na kofia, yaani bati lililokunjwa linalofunika mgongo wa juu ambapo pande mbili za paa hukutana. Maana yake ni kwamba paa halikai mahali pake kwa uzito. Hukaa kwa misumari, kwa papi, kwa kenchi ambazo ni fremu za mbao zinazobeba papi, na kwa waya au nondo zinazozifunga kenchi hizo kwenye lenta, ambayo ni mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Kiungo kimoja kikilegea, mzigo wake huhamia kwa jirani yake, na hivyo hivyo hadi mwisho. Habari za upepo kuezua nyumba na madarasa huandikwa kila mwaka kama maafa yasiyotabirika, na ni kweli kwamba upo upepo unaoweza kuling'oa hata paa lililojengwa vizuri. Lakini dhoruba ya kawaida, inayopita juu ya nyumba ishirini na kuiezua moja, haikuichagua kwa bahati, iliikuta imelegea. Nyumba hiyo pengine haikuwahi kuvuja.

Mwenye nyumba wa tambarare anayo dalili nyingine ambayo haimgharimu chochote, nayo ni sauti. Bati likigonga mara moja moja jua linapozama hutangaza tu kwamba linapoa na kunywea, na hilo si kosa. Bati linalotetemeka na kupiga kelele mfululizo wakati wa upepo, ilhali mwaka uliopita lilikuwa kimya katika upepo kama huo, limeachana na mbao. Mtu anayesikia sauti hiyo usiku na asubuhi akajiridhisha kwa kuwa dari ni kavu ameupuuza ushahidi ulio wazi.

Kutu inadai nafasi yake, kwa sababu juu yake umejengwa upotofu wa pekee, ule wa kuichukulia kama rangi tu ya uzee. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, madini yanayoliwa na hewa na maji badala ya chuma, hivi kwamba chuma hubaki salama muda wote ambao zinki ipo. Tabaka hilo ni jembamba mno. Bati lenye gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, lina takriban mikroni 7 tu kila upande, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Katika hewa kavu ya mashambani zinki hupungua kwa sehemu ndogo ya mikroni kwa mwaka. Penye unyevu mwingi upungufu huo huweza kuzidi mikroni nzima. Kwa hiyo bati lililonunuliwa duka moja na siku moja halitaishi umri mmoja katika mji wa Same na katika kijiji cha Chome, na mlimani linastahili kuanza kukaguliwa kwa makini miaka mingi mapema. Unga mweupe juu ya bati ni zinki inayoliwa. Vumbi la kahawia lisilo na magamba huonyesha kwamba zinki imekwisha mahali hapo na chuma kimeanza kuguswa. Hatua hiyo bado inaokolewa kwa kusugua, kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu na kisha rangi ya kawaida. Magamba yanayobanduka kwa kidole yana maana kwamba chuma chenyewe kinapungua, na hapo bati hubadilishwa. Tofauti kati ya hatua ya pili na ya tatu ndiyo tofauti kati ya kopo la rangi na gharama ya kuezeka upya, na hakuna hata moja kati ya hatua hizo tatu ambayo lazima iambatane na kuvuja.

Kutu ya hatari zaidi, aghalabu, ndiyo isiyoonekana kutoka uani. Huanzia pale bati moja linapolalia jingine, kwa kuwa maji huvutwa katika upenyo huo mwembamba na kukaa humo baada ya sehemu nyingine kukauka. Huanzia chini ya majani makavu yaliyorundikana. Huanzia mahali ambapo bati lilikatwa kwa mashine ya kusaga chuma na vumbi lake la moto likaachwa juu ya rangi. Na katika majiko ya kuni huanzia ndani, ambako masizi hukamata unyevu na kuubandika kwenye bati usiku na mchana. Upare ni nchi ambayo watu wake, hasa ukoo wa Washana wa Ugweno, walisifika kwa uhunzi tangu kale, na chuma chao kilifika mpaka Uchagani. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliwapa wahunzi hao nafasi kubwa. Inasikitisha kwamba nchi iliyokijua chuma kwa kukiyeyusha yenyewe sasa inakinunua kikiwa bati na kukisahau juu ya kuta kama kwamba hakiliwi.

Bado mbao hazijazungumzwa, na mbao ndizo zinazobeba yote. Papi na kenchi za mbao ambazo hazikutiwa dawa, au zilizopandishwa zikiwa mbichi, huliwa na mchwa kwenye tambarare na huoza mlimani. Mchwa huacha vijia vyembamba vya udongo ukutani vikipanda kuelekea darini. Wadudu watoboao mbao huacha unga laini juu ya singibodi au sakafuni. Uozo huacha mbao nyeusi inayoimeza ncha ya bisibisi bila kupinga. Ukaguzi wa mambo haya hauhitaji kukanyaga bati, tendo ambalo lenyewe huharibu mapaa mengi. Mtu huinua kipande cha dari, huingiza kichwa na tochi, na huchoma mbao hapa na pale, hasa zinapokutana na ukuta. Kisha huzima tochi saa sita mchana, milango ikiwa imefungwa, na kila kitobo hujionyesha kwa nuru. Nje, akisimama mbali kidogo na nyumba, hutazama mstari wa kofia: ukiwa umebonyea katikati, kenchi imelegea au imevunjika, na hilo ni jambo la kushughulikiwa wiki hiyo hiyo, iwe masika au kiangazi.

Watetezi wa msimamo unaopingwa wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni fedha. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba au wa mahindi wa Makanya hupata fedha kwa msimu, ada za shule na matibabu hutangulia, na kumtaka atumie kwa paa lisilomsumbua huonekana kuwa ni dhuluma. Hoja hii ingesimama kama ukaguzi ungekuwa na bei. Lakini kutazama, kusikiliza na kuchoma mbao kwa bisibisi hakuna bei, na kazi ndogo zinazofuata, kama vile kubadilisha misumari kadhaa na papi moja, ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuezeka chumba kizima pamoja na kununua upya dari, magodoro na nafaka zilizoloweshwa. Mnyonge ndiye asiyeweza kumudu kungoja. Hoja ya pili ni hofu ya fundi anayebuni ubovu ili apate kazi. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni mwenye nyumba kuzijua dalili mwenyewe, ili fundi akisema papi imeoza aombwe kuionyesha na kuichoma mbele yake. Anayesubiri mpaka maji yamwagike sebuleni humwendea fundi akiwa na haraka na bila maarifa, na hapo ndipo bei hupandishwa.

Ipo pia ile tiba ya haraka ambayo msimamo huu umeizaa, yaani kupaka lami juu ya kila msumari unaodondosha. Lami huziba kwa muda, kisha jua la Same huikausha na kuipasua, na chini ya ufa huo maji hukaa yakiendeleza kutu mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kuiona. Msumari uliolegea hautengenezwi kwa kugongwa urudi katika tundu lile lile lililokwisha kupanuka. Hung'olewa, ukawekwa mrefu zaidi au skrubu yenye raba mpya, juu ya mgongo wa bati ambapo maji hayapiti, na katika mbao iliyothibitishwa kuwa nzima. Tundu la zamani likiwa kubwa mno, bati hubadilishwa.

Nyumba za kuficha bati, ambazo zimeenea katika miji ya Tanzania miaka ya karibuni, zimeufanya msimamo huu uwe hatari zaidi. Ndani yake paa lina mteremko mdogo na limezungukwa na kuta zilizopanda juu yake, na maji hukusanywa katika mfereji ulio nyuma ya ukuta kabla ya kutolewa kwa bomba. Mfereji ukizibwa na majani na vumbi, maji hurudi chini ya bati na kunyonywa na tofali, kwa hiyo dalili ya kwanza ni rangi kuvimba au chumvi nyeupe kujitokeza juu ya ukuta wa ndani. Mwenye nyumba huupaka ukuta rangi upya na kudhani amemaliza. Katika nyumba ya namna hii haitoshi kutazama kutoka uani, kwa sababu iliundwa makusudi ili paa lisionekane. Mfereji ni lazima usafishwe na kutazamwa kabla ya kila msimu wa mvua.

Kwa Same kuna sababu nyingine ya kulijali paa, ambayo haitajwi inavyostahili. Wilaya imeishi kwa kuhesabu maji. Wazee wa Upare walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mifereji ya mlimani, na wakayatunza kwa msaragambo, kazi ya pamoja iliyomlazimu kila mwanakijiji. Na hata leo, ambapo mradi wa Same–Mwanga–Korogwe unachota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, tangi la maji ya mvua lina thamani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, katika mwaka wa milimita 500, hupokea lita 30,000, na hata sehemu yake ikipotea kwa kurukia nje na kuyeyuka, kinachobaki ni kikubwa kwa kaya. Bati lenye magamba ya kutu, gata iliyoinama upande usiofaa, na fisha bodi iliyooza, ambayo ni ubao wa ukingoni unaoishikilia gata hiyo, huupoteza utajiri huo bila hata tone moja kuingia ndani. Kwa kipimo cha kuvuja paa hilo ni zima. Kwa kipimo cha mahitaji ya Same limekwisha kushindwa kazi yake.

Majengo ya umma ndiyo yanayoteseka zaidi, kwa sababu darasa halina mtu anayelala ndani yake na kusikia bati likigonga usiku. Mapaa yake ni marefu, kenchi zake zina nafasi kubwa kati yake, na mara nyingi hakuna dari, jambo ambalo kwa bahati njema hurahisisha ukaguzi: mbao zote ziko wazi machoni pa mwalimu na watoto. Hata hivyo fedha za ukarabati huombwa baada ya darasa kuezuliwa, na kabla ya hapo kamati huridhika na jibu la kwamba halivuji. Msaragambo uliotunza ndiva kabla maji hayajapungua unaweza kutunza paa kabla halijang'oka. Hautofautiani kwa lolote ila kitu kinachotunzwa.

Mvua za vuli huanza Oktoba na za masika Machi. Kamati za shule, za zahanati na za nyumba za ibada katika Same na Upare yote, pamoja na kila mwenye nyumba, ziweke ukaguzi wa paa katika Septemba na Februari: msumari, raba, bati linapolaliana, papi, kenchi, kofia na gata. Kitakachokutwa kimelegea au kimeoza kitengenezwe kabla ya mwezi huo kwisha, hata kama hakuna aliyewahi kuweka ndoo chini yake.